Lazy Susan Yako Inakaa Kifuniko cha Sufuria? Shida Iko kwa Ukingo

Chukua lazy susan mbili. Mbao ni moja, saizi ni moja, beringi ni moja, hata vanishi ni moja. Ya kwanza inakaa imetoka hoteli ya wadosi. Ya pili inakaa kifuniko cha sufuria. Tofauti iko wapi?

Iko kwa ukingo. Ile sehemu ya pembeni, upana wa vidole viwili hivi, yenye wasee wengi hawaifikirii mpaka siku fundi anauliza, "Boss, hapa pembeni tufanye aje?" Na wewe unajibu, "Fanya tu iwe fiti." Hapo ndio doh yako inaanza kupotea, juu "fiti" ya fundi na "fiti" ya kichwa chako ni vitu mbili tofauti.

Kama bado hujakutana na hii kitu, lazy susan ni ile sinia ya duara inakaa katikati ya meza na kuzunguka. Unaisukuma kidogo, kachumbari inakuja penye uko, na hakuna haja ya kupitisha mkono mbele ya uso wa mathe ukifuata chumvi. Ukienda restoranti ya Kichina hapa Nairobi na mko wengi, kuna uwezekano mkubwa mtapewa meza yenye iko nayo.

Na si kitu ya jana. Mwaka wa 1915, daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyefanya kazi Uchina, alipendekeza sinia ya kuzunguka mezani ili kila bakuli likae na kijiko chake na watu waache kuchovya vijiti vyao kwa chakula cha wote. Shida ilikuwa TB. Huko Marekani, mwaka wa 1917, tangazo kwa jarida la Vanity Fair lilikuwa linauza sinia ya mahogani ya kuzunguka kwa jina hilo hilo la Lazy Susan, bei dola 8.50. Zaidi ya miaka mia baadaye, beringi ni bora lakini swali la fundi ni lile lile: hapa pembeni tufanye aje?

Twende pole pole, hatua kwa hatua.

Pima meza kabla ujaongea na fundi

Ukingo hauwezi chaguliwa bila kujua saizi. Na saizi inatoka kwa meza, si kwa picha umeona Pinterest.

Sahani ya kawaida ya kula ina upana wa karibu inchi 11. Mpe kila mtu inchi 12 kutoka ukingo wa meza, ndio sahani yake isigongane na sinia. Kama meza yako ni ya duara ya inchi 48, toa 12 upande huu na 12 upande ule. Unabaki na 24. Hiyo ndio saizi kubwa zaidi unaweza weka.

Meza ya mstatili yenye upana wa inchi 36? Hesabu ni hiyo hiyo: 36 toa 24, unabaki na 12. Ndogo, lakini inatosha tomato sosi, chumvi, pilipili na bakuli moja ya kachumbari.

Kwa nini hii ni muhimu kwa ukingo? Juu mbao ya unene wa inchi moja kwa sinia ya inchi 24 inakaa sawa. Unene huo huo kwa sinia ya inchi 12 unakaa gurudumu la mkokoteni. Sinia ikikuwa ndogo, ukingo lazima ufanye kazi zaidi ya kuificha ile unene.

Macho yako yanasoma kivuli, si unene

Hapa ndio siri yote iko, so soma mara mbili.

Ukikaa kwa meza, macho yako yako juu ya sinia. Unaiangalia kwa mshazari, kutoka juu kwenda chini. Sehemu ya ukingo yenye imesimama wima ndio inashika mwanga na kukurudishia. Ubongo wako unachukua ile sehemu na kusema, "Hii mbao ni nene hivi." Sehemu yenye imekatwa kuingia ndani, chini ya sinia, haishiki mwanga. Inakuwa kivuli. Na kile kiko kwa kivuli, ubongo hauhesabu.

Sasa fanya hesabu. Uko na mbao ya milimita 24. Ukiiacha wima yote, mgeni ataona milimita 24. Lakini ukiacha milimita 8 za juu zikiwa wima, halafu zile 16 za chini ukazikata kwa mshazari zikiingia ndani, mgeni ataona mbao ya milimita 8. Mbao haijapungua nguvu katikati, haitajikunja kirahisi, lakini kwa macho imekuwa nyepesi kama sahani.

Angalia pia vile tumegawanya: theluthi moja juu, theluthi mbili chini. Ukigawanya nusu kwa nusu, jicho linachanganyikiwa, halijui ni gani ndio kubwa, na kazi inakaa imefanywa na mtu hakuwa ameamua. Wacha sehemu moja itawale.

Mshazari wenyewe uwe wa digrii ngapi? Ukikata digrii 45, zile milimita 16 za kwenda juu zinaingia ndani milimita 16 pia. Ukiulaza mpaka digrii 30 kutoka usawa wa meza, unaingia ndani karibu milimita 28, na sinia inaanza kukaa inaelea. Kwa sinia kubwa, 30 ni moto. Kwa ndogo, 45 inatosha, juu 30 itakula nafasi ya kitako.

Vidole pia viko na maoni

Watu hawasukumi lazy susan katikati. Wanashika ukingo. So swali la pili ni hili: vidole vitaingia?

Beringi za kawaida za chuma, zile za mraba, ziko na unene wa karibu milimita 8. Kidole cha mtu mzima ni karibu milimita 15. Kama sinia yako iko na ukingo wima mpaka chini, na inakaa juu ya beringi peke yake, kidole hakiingii. Mgeni ataanza kusukuma na kucha, ama atabonyeza juu na kiganja, na glasi ya juisi itaanza kucheza.

Lakini ukiwa na ule mkato wa chini wa milimita 16, ongeza 8 za beringi. Nafasi pale ukingoni ni milimita 24. Kidole kinaingia kama kiko kwake, kinapata mshazari wa kushikilia, na sinia inazunguka bila drama. Mkato mmoja umetatua shida mbili: macho na mkono.

Kama unaweka kitako cha mbao chini, hakikisha kimejificha ndani ya kivuli, kisitokee karibu na ukingo. Lakini pia usikifanye kidogo kupita kiasi. Sufuria ya nyama ikiwekwa pembeni na kitako ni kidogo, upande ule mwingine unainuka, na hiyo ni supu kwa nguo ya mgeni. Sinia ya inchi 24 inataka beringi ya inchi 12 hivi, si ile ndogo ya inchi 4.

Shepu tano zenye utakutana nazo

Ya kwanza ni ukingo wima, pembe zimelainishwa kidogo tu. Ni rahisi, ni safi, na kwa mbao nyembamba ya milimita 15 inakaa poa sana, ya kisasa. Kwa mbao nene, inakaa ubao wa kukatia nyama.

Ya pili ni nusu duara, ile ya mviringo juu na chini. Mafundi wengi wataenda na hii kama hujasema kitu, juu ni rahisi kupiga msasa. Shida ni mbili. Mwanga unateleza juu yake yote bila kukata kivuli, so mbao nene inazidi kunenepa. Na kidole kinateleza pia, juu hakuna kona ya kushika. Kama unaipenda lazima, fanya mviringo ambao haulingani: mdogo juu, mrefu chini.

Ya tatu ni ule mshazari wa chini tumesema. Kama hujui uchague gani, chagua hii. Inakaa na kila aina ya meza.

Ya nne ni shepu ya S, ile ya fanicha za kizamani. Ikifanywa vizuri ni noma. Lakini S iko na bonde, na bonde linakusanya vitu: mchuzi, unga wa ugali, vumbi. Pia inataka meza yenye iko na mapambo ya aina hiyo. Ukiiweka juu ya meza iliyonyooka ya kisasa, inakaa mtu amevaa suti kwa gym.

Ya tano ni ukingo wenye mdomo, yaani pembeni pameinuka kidogo ndio vitu visianguke. Wazo ni zuri, lakini kuwa mwangalifu. Sahani ikikaa nusu ndani na nusu juu ya mdomo, inacheza. Maji yakimwagika, yanakaa hapo hapo badala ya kutoka, na mbao inakunywa. Ukiutaka, usiuzidishe urefu wa milimita 3, na uufanye mwembamba.

Kuna kitu ingine watu wanapenda: kukata mshazari upande wa juu. Ni kweli unapunguza unene kwa macho, lakini unakula sehemu ya kuwekea vitu. Glasi ikikaa pale imeinama, na sinia inazunguka, unajua mwisho wake.

Mbao iko na tabia zake

Duara ya mbao ni ya ajabu kidogo. Nyuzi za mbao zinaenda upande mmoja, lakini ukingo unazunguka. So ukifuata ukingo na kidole, kuna pande mbili zenye nyuzi zinalala kando yako, laini, na pande mbili zenye unagusa vichwa vya nyuzi, kama mwisho wa majani ya fagio.

Hii inaleta mambo matatu.

Moja, ncha kali inavunjika. Pale penye vichwa vya nyuzi, ukiacha ukingo mwembamba kama kisu, siku sinia itagonga sinki kipande kitatoka. Usishuke chini ya milimita 4 au 5 kwa ile sehemu ya wima.

Mbili, vichwa vya nyuzi vinakunywa mafuta na vanishi kuliko sehemu zingine. Ukipiga msasa sawa pande zote, utapata madoa mawili meusi kwa ukingo, moja huku, moja kule. Mahali penye vichwa, endelea na msasa laini zaidi. Kama kwingine umefika 240, hapo fika 320.

Tatu, mbao inapumua. Msimu wa mvua inanenepa, msimu wa jua inakonda, lakini kwa upana tu, si kwa urefu wa nyuzi. Sinia ya inchi 24 inaweza kubadilika kwa milimita 5 hivi kama hewa imebadilika sana. So baada ya miezi kadhaa duara yako si duara kamili. Hutaiona kwa macho, lakini kama umegundisha pete ya mbao ingine kuzunguka ukingo ili ikae fensi, pete itaiona, na itapasuka. Ukitaka mstari wa mapambo, mwambie fundi achonge mfereji mwembamba kwa mbao yenyewe.

Na tafadhali, mbao ikauke kwanza. Mbao mbichi ikipata ukingo mzuri leo, wiki ijayo imejikunja kama chipsi.

Kwa wale wanataka kuchonga wenyewe

Kazi ya kuchonga mbao ikizunguka inaitwa kukereza. Mafundi wa Lamu wamekereza miguu ya vitanda tangu enzi za mababu. Mtaani mashine yake inaitwa lethi, ndio ile inatoa miguu ya meza na vitanda unaona ikipangwa barabarani.

Lakini mguu wa meza na sinia ya inchi 24 si mchezo mmoja. Duara ya inchi 24 ina mzingo wa karibu mita 1.9. Ikizunguka mara 500 kwa dakika, ukingo wake unapita mbele ya mkono wako kwa kasi ya karibu kilomita 57 kwa saa. Hiyo ni matatu ikiwa na haraka. Ukipandisha mpaka 1000, umefika zaidi ya 110. Mbao iliyogundishwa vibaya ikiachilia hapo, haitakuuliza jina.

Kuna kanuni mafundi hutumia: zidisha upana kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6000 na 9000. Kwa inchi 24, hiyo ni mizunguko 250 mpaka 375. Vaa ngao ya uso yote, si miwani ya jua. Simama kando wakati wa kuwasha, usisimame mbele ya ukingo. Mikono mirefu ya hudi kunja, na nywele funga.

Ukikata mshazari wa chini, anza kutoka chini, penye ni padogo, ukielekea ukingo. Nyuzi zitakuwa zimeshikiliwa na zile ziko nyuma yake. Lakini patasi isitoke nje kabisa kwa kona, itang'oa vipande. Simamisha kabla ya mwisho, halafu malizia kutoka upande wa pili.

Hakuna lethi kubwa karibu? Rauta inafanya hii kazi pia. Fundi anakata duara kwa rauta iliyofungwa kwa kijiti cha katikati, halafu anapitisha kisu cha mshazari upande wa chini. Mwambie asikate yote mara moja. Apite mara tatu, kidogo kidogo, ndio ukingo usiungue wala kuraruka.

Vile utaongea na fundi

Ukienda Gikomba ama kwa mafundi wa Ngong Road, usiende na maneno. Enda na katoni.

Chukua katoni ngumu, chora ukingo wako kwa saizi yake halisi, vile ungeonekana ukikata sinia kama keki na kuangalia kipande kwa upande. Weka unene wa mbao, weka milimita za wima, weka mshazari. Kata na wembe. Chonga tatu tofauti, ukitaka. Halafu ziegemeze pale sinia itakaa, kaa kwa kiti, uangalie kutoka penye utakuwa unakulia. Usiangalie ukiwa umesimama, juu hakuna mtu hula akiwa amesimama hapo.

Ile imekupendeza, peleka kwa fundi na useme, "Fundi, nataka ukingo ulingane na hii katoni. Nifanyie kwanza kwa kipande cha mbao ya kutupa nione." Kipande hicho kitamchukua dakika chache. Ukikipata, funga macho na upitishe kidole. Mkono unagundua donge na kona kali zenye macho yamepita. Kikikubali, sasa mwachie mbao ya ukweli.

Na kama wewe ndio unauza lazy susan, hiyo katoni ndio mkataba wako na mteja. Hawezi kukuambia "sikutaka hivi" na yeye ndiye alichagua. Gharama ya mbao ni ile ile, gharama ya beringi ni ile ile. Kitu kinafanya mteja akubali bei yako ni ile dakika ameishika na ikakubali mkono.

Mwisho ni kumalizia

Hata kama unataka ukingo mkali wa kisasa, kila kona ilainishwe kidogo, milimita 1 au 2. Si urembo tu. Vanishi hukimbia kona kali, inabaki nyembamba hapo, na hapo ndio itaanza kutoka kwanza, maji yaingie.

Kama hutaki vanishi, tafuta likwidi parafini kwa kemisti, ile safi haina rangi wala harufu. Usichanganye na parafini ya stovu. Hiyo ni mafuta ya taa, na itaharibu chakula chako na siku yako. Mafuta ya kupikia pia achana nayo, yanachacha na sinia inaanza kunuka. Changanya ile ya kemisti na nta ya nyuki, paka, ngoja inywe, futa. Vile vichwa vya nyuzi pale ukingoni vitataka mara mbili au tatu.

So kabla utume fundi deposit, amua vitu vinne: upana kulingana na meza, milimita ngapi za wima, mshazari wa digrii ngapi, na kona laini kiasi gani. Andika kwa hiyo katoni. Ukiziamua wewe, sinia inakuwa yako. Usipoziamua, fundi ataziamua saa kumi na moja jioni, akiwa na njaa, akitaka kufunga kibanda.